Mahali Alipojipimia Kipkurui

Mwaka huo wa tisini na nne, habari ilifika kwetu Mogogosiek siku ya soko: Kipkurui, mtunzaji wa makaburi makubwa ya mji wa Kericho, ameonekana amelala chali kati ya misalaba, akijipima urefu. Wanawake waliokuwa wakipita na kuni walitupa mizigo wakatimua mbio. Naye masikini alikuwa ameinua kichwa kuwasalimu tu.

Kwetu, mwenye shamba huzikwa shambani kwake. Makaburi ya mji ni ya asiye na kwao. Basi Phyllis, mjane wa kaka yake Kipkurui na mwalimu mstaafu, alivaa kofia ya kanisa akaenda mjini kuliokoa jina la ukoo wa Arap Koskei.

"Shemeji," alianza kabla hata ya kuvuka lango, "watu wanauliza kama tumeuza shamba."

"Karibu, Mwalimu. Tembea polepole, hawa hawana haraka."

Hakuna aliyewahi kuingia mle akaponyoka bila kuzungushwa. Kipkurui alimwonyesha kule juu, ndani ya ua wa chuma, Wazungu waliokuja kupanda chai ya kwanza. Katikati, makarani Wagoa waliotoka India. Chini, karibu na kijito, wafanyakazi wa mashamba, misalaba yao ya mbao imeliwa na mchwa.

"Unaona? Walizikwa walivyoishi. Bwana mkubwa mlimani kwenye upepo, kibarua kwenye tope."

"Na wewe, mwenye chai mpaka mtoni, umechagua tope?"

"Kwenye tope yuko Owino."

Phyllis alimkumbuka: yule fundi wa kiwandani kutoka upande wa ziwa, aliyecheza drafti na Kipkurui kwa visoda. Alipofariki, jamaa zake walitafutwa wasipatikane.

"Aliniambia atabaki huku kama mzigo uliosahauliwa stendi," Kipkurui alisema, na utani ukamtoka sautini. "Nikamwahidi nitalala kando yake."

Kando ya kaburi la Owino, mti mmoja wa chai ulionyesha mahali Kipkurui alipojiwekea. Mkono wa Phyllis ukachuma majani mawili na kichipukizi, kwa mazoea tu.

"Hata kupogoa hujapogoa. Aibu." Kisha akauliza, "Huyu si ndiye aliyekula Krismasi kwetu?"

"Kila mwaka. Mursik yako, maziwa ya kibuyu, aliisifu mpaka nikachoka."

Jumamosi Phyllis alirudi na fundi na msalaba wa saruji. Uliandikwa: OWINO, WA BOMA LA ARAP KOSKEI, MOGOGOSIEK.

Kipkurui aliusoma, akaangua kicheko. "Mwalimu! Sasa ndipo watasema ukoo wetu umezika mtu mjini."

"Waseme." Phyllis alinyoosha kofia yake. "Huyu ana kwao sasa. Na wewe utalala nyumbani, mahali ninapoweza kukuchunga."

Kipkurui alikuna kidevu, akautazama msalaba, akamtazama shemeji yake. Hakubisha. Alichukua panga, akainama, akaipogoa vizuri ile chai ya Owino.