Michembe ya Msiba

Jirani yangu, fundi wa reli aliyestaafu, hakuwa na dini. Alisema hivyo hadharani, akicheka, na mtaa wetu wote hapa Tabora ulijua. Alipofariki, mzee wetu wa kanisa alitangaza kwamba Mkristo asikanyage msibani pale. Msikitini nako wakakataza. Miaka yote hawa hawajapatana hata juu ya kelele za vipaza sauti, leo wamepatana juu ya maiti! Nilikasirika.

Mjane alikuwa peke yake ndani na marehemu wake. Nani angechimba kaburi?

Sufuria za msiba nazitunza mimi, stoo kwangu. Tulizinunua kina mama wa mtaa kwa kuchangishana, Waislamu na Wakristo. Mzee wa kanisa akaja kuzizuia, akijua mimi ndiye kiongozi wa kina mama kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lete ufunguo wa stoo, mwanangu."

"Ufunguo ninao, baba. Ila sikupi."

Akaondoka bila kuaga.

Ikabaki nyama. Kwetu mbuzi wa msiba huchinjwa na Mwislamu, hata kama msiba ni wa Wakristo, ili kila mtu ale. Safari hii hakuna aliyekubali kushika kisu. Nilikuwa nimekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, nimeishiwa maarifa, nilipomwona shoga yangu anaingia uani kwangu. Mumewe ndiye mchinjaji wetu wa siku zote. Kichwani alikuwa na gunia la michembe, viazi vitamu vyake alivyokausha mwenyewe.

"Shoga, kiazi hakichinjwi," akasema. "Washa moto."

Tukawasha uani kwa mjane. Tukapika michembe kwa karanga za kutwanga. Wanawake wakaja mmoja mmoja, wengine na hijabu, wengine na vitambaa vya kwaya, na majumbani mwao hakuna aliyeacha chakula. Mchana waume zao wakaanza kutokea, wamenuna, wanaulizia chakula.

"Majembe yale pale," nikawaambia. "Kaburi kwanza."

Wakachimba. Mchinjaji naye alichimba, hakumtazama mkewe. Tukamzika mzee wa watu bila sala, kama alivyotaka. Mjane alilia huku ameshikwa mikono pande zote mbili.

Jumapili nilivuliwa uongozi wa kina mama mbele ya kanisa zima. Niliimba wimbo wa mwisho kwa sauti kuwashinda wote, kisha nikapita kwa mjane kunywa chai. Ufunguo ninao mpaka leo, nimeufunga kwenye pindo la kanga.