Plasta ya Vidole Viwili

Mimi nina mdomo, najua. Wagonjwa wananiita Sista Pilipili nikiwapa mgongo, nikigeuka wananiita Sista tu. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba nilifanya kazi miaka kumi na moja na dereva mmoja, katika gari moja, na hatukuwahi kununiana hata siku mbili, ajue kwamba uvumilivu ulikuwa wa dereva.

Tulimwita Mzee Boneti. Ukimtafuta asubuhi unaona miguu na makalio, mengine yote yamo chini ya boneti. Gari la kituo chetu cha afya alilipokea likiwa jipya, naye bado ana nywele. Wakazeeka pamoja. Kila siku kabla ya kuliwasha alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakichovya tena, akachungulia maji, kisha akabonyeza mipira ya rejeta mmoja mmoja kama mimi ninavyobonyeza tumbo la mgonjwa. Alikuwa na sheria yake aliyoirudia mpaka tukaichoka.

"Gari likikwambia linaumwa, unasimama. Hata kama umembeba mama yako mzazi."

Sasa, gari lile lilikuwa na taa moja ya njano kwenye dashibodi, yenye picha ya injini, ambayo iliwaka miaka miwili bila kupumzika. Alilipeleka kwa fundi wa umeme wa magari. Fundi akachokonoa nusu siku, akasema ni waya tu umechoka, injini haina neno. Shida haikuwa taa, shida ilikuwa abiria. Kila aliyepanda alinyoosha kidole: "Mzee, mbona taa inawaka?" Daktari alinyoosha, mfagizi alinyoosha, hata mgonjwa aliyelazwa kiti cha nyuma akihema aliinua kichwa kuuliza. Siku moja Mzee Boneti akaja chumba cha sindano akiwa amefura, akaomba kipande cha plasta. Nikamkatia. Akaenda akaibandika juu ya ile taa, tukacheka sote, tukasahau.

Mshale wa kupima joto la injini ulikwisha kufa zamani. Ulilala upande wa kushoto, gari liwe la moto au la baridi.

Siku ninayoisema, mke wa fundi cherehani alijifungua alfajiri. Mtoto mzima, analia kama king'ora. Lakini mama damu haikukata. Daktari alifanya yote anayoyajua, na anajua mengi, ila damu ya kuongeza ya kundi lake hatukuwa nayo hata mfuko mmoja. Kumsafirisha mama mwenyewe kilomita arobaini na sita ilikuwa ni kumzika njiani. Basi nikachukua sampuli yake, nikapanda gari na Mzee Boneti, tukaifuata damu hospitali kubwa. Tulipotoka, yule fundi cherehani alikuwa amesimama getini, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Alilishika gari kwenye bodi kidogo, akaliachia.

Hospitali tulipewa mifuko miwili. Nikaipanga kwenye boksi la baridi na vipande vinne vya barafu, nikalifunga, nikalipakata. Ilikuwa saa sita na nusu, jua la utosi.

Tulikwenda vizuri kilomita thelathini. Kisha nikaona miguu yangu inaungua. Nikadhani ni jua. Halafu ikaja harufu, tamutamu, kama sukari iliyosahaulika jikoni, na kwenye mlima gari likaanza kukokota.

"Mzee, unasikia harufu?"

"Nasikia," alisema, na macho yake yakaenda kwenye mshale uliokufa. Mazoea yana taabu.

Sijui nini kilinisukuma. Niliinama mbele yake, nikashika ukingo wa ile plasta, nikaibandua. Chini yake palikuwa na taa mbili. Ya njano ilikuwa inawaka kama kawaida yake. Na pembeni yake, nyekundu, picha ya kipimajoto ndani ya maji, inawaka wazi, na Mungu ndiye anayejua ilianza lini.

Alitoa gari barabarani na kulizima kabla sijafungua mdomo. Lakini nilikuja kuufungua.

"Mgonjwa analia, wewe umemfunga bandeji mdomoni! Kila siku nasimama mbele ya watu nawaambia mficha maradhi kifo humuumbua, kumbe ninapanda gari na mficha maradhi namba moja!"

Alinitazama kwa upole ambao uliniudhi zaidi.

"Sista, mimi niliomba plasta ya taa moja. Aliyekata ni nani?"

Nilikumbuka mkasi, nikakumbuka haraka niliyokuwa nayo siku ile. Nilikata upana wa vidole viwili, kimoja kingetosha. Naye alibandika kama ilivyokatwa, kwa sababu kitu ukipewa na nesi unakitumia kama ulivyopewa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Boneti ilipoinuliwa mvuke ulitoka ukatufunika. Nikanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta, nataka tuongeze maji twende. Alinipiga mkono, paa! Miaka kumi na moja hakuwahi kunigusa.

"Ukifungua sasa hivi, maji yale yatakuvua uso. Tunasubiri."

"Mgonjwa hasubiri!"

"Najua. Tunasubiri hivyo hivyo."

Wakati tunasubiri yeye hakukaa. Alitazama mkanda wa feni, ulikuwa umekaza. Akaizungusha feni kwa kidole, ikazunguka. Akachungulia chini ya gari, akapapasa, akatulia. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka katikati, ufa wa urefu wa kucha, na maji yalikuwa yanadondoka. Asubuhi aliubonyeza kama kawaida, akaniapia, na ulikuwa mzima. Huenda kweli. Gari lenye umri ule haliumwi kwa kutoa taarifa.

Simu ikalia. Daktari. "Presha yake imeshuka tena. Mko wapi?" Nikamwambia tunakuja. Sikuweza kusema tumesimama.

"Plasta umebeba?" Mzee Boneti aliuliza.

Nilikuwa nayo, roli nzima kwenye mkoba. Alikausha mpira kwa shati lake, akauzungushia plasta tabaka kwa tabaka, akaikaza juu kwa waya. Ilipotimia dakika ishirini na tano akafungua rejeta kwa kitambaa, taratibu, akaliwasha gari likiunguruma chini chini, akamimina maji ya dumu kidogo kidogo. Lita tano, ndizo alizokuwa nazo. Kifuniko hakukikaza mpaka mwisho. Alisema kikikazwa, maji yatasukuma kwa nguvu na plasta itaachia. Bora kivuje kidogo juu.

Kisha, katika jua lile, akafungua hita mpaka mwisho.

"Umechanganyikiwa?"

"Moto uliomo kwenye injini lazima utoke mahali. Utatoka kwetu. Damu yako iweke nyuma, ifunike."

Niliweka boksi kiti cha nyuma, nikalifunika kwa koti langu jeupe, vioo vyote chini. Tukaenda. Upepo wa hita ulitupiga magotini na usoni, jasho likanitiririka mpaka kwenye viatu. Mimi nilikuwa nimekodoa macho kwenye ile taa nyekundu. Ilikuwa imezimika. Kilomita tatu imezimika, sita imezimika. Kwenye kilomita ya nane ikapepesa, akapunguza mwendo, ikazimika. Kwenye ya kumi ikawaka moja kwa moja.

Halafu, ghafla, mambo yakageuka. Taa ikazimika. Na upepo uliokuwa unatuchoma ukapoa. Kwanza vuguvugu, kisha baridi, baridi kabisa, kama mtu amefungua friji miguuni mwangu.

"Alhamdulillahi!" nilipiga makofi. "Imepoa, mzee! Gari limepoa lenyewe!"

Nilimtazama Mzee Boneti, nikaona midomo yake imekauka.

"Halijapoa," alisema. "Maji yamekwisha. Hita inapuliza baridi kwa sababu hakuna maji ya moto ya kuipitia. Na taa imezimika kwa sababu kile kinachopima kimebaki kinapima hewa."

Hapo nilielewa, na nilielewa kwa kazi yangu mwenyewe. Nimewaona wagonjwa wanaolalamika usiku kucha, kisha wananyamaza, ngozi inakuwa ya baridi, na ndugu wanafurahi kwamba sasa amepata usingizi. Mimi huwa sifurahi. Mimi hukimbia.

Alisimamisha gari. Plasta ilikuwa imeachia, mpira umelowa mpaka mwisho. Dumu halina kitu. Barabara tupu mbele na nyuma, nyumba hakuna, kisima hakuna. Zilibaki kilomita nne.

"Kuna barafu," nilisema. "Vipande vinne. Ni maji tu yale, nayapasua, unamimina."

"Hiyo ni baridi ya damu. Usiiguse. Tena hayajai hata sufuria, yatamwagika yote pale pale kwenye ufa."

"Basi nakimbia nayo."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia. Mimi ni mtu wa mwili, sikatai.

"Kwa miguu hiyo utafika kwenye arobaini," alisema, na hakutania. Simu ikalia tena, na daktari safari hii hakuuliza tuko wapi. Alisema, "Sista, sina dakika thelathini." Alisema hivyo tu, akakata.

Mzee Boneti alisikia. Alishusha boneti kwa mikono miwili, polepole, hakuibamiza. Akaiwekea kiganja kama anavyofanya kila jioni akifunga kazi. Kisha akasema, "Panda."

"Si ulisema gari likiumwa unasimama? Hata kama ni mama yako?"

"Mama yangu hakuwahi kutoka damu hivi. Panda, Sista."

Kilomita zile nne sitaki kuzipitia tena maishani. Penye mteremko alizima injini, akaliacha gari liteleze lenyewe, usukani mzito kama jiwe, anakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Penye mlima aliliwasha, nalo likagonga, gonga-gonga-gonga, kama mtu anayepiga mlango na hafunguliwi. Alikuwa anaongea nalo. "Twende mama. Bado kidogo. Kile kibao pale. Ule mti pale." Harufu haikuwa tena tamu, ilikuwa ya rangi inayoungua. Nililivuta boksi la damu kutoka nyuma, nikalikumbatia. Nilimwomba Mungu kwa sauti, nami si mtu wa kuomba kwa sauti.

Tuliliona geti. Zilibaki hatua mia labda. Injini ikatoa mlio wa chuma kula chuma, gari likagutuka, likasimama tuli. Sikungoja. Nilishuka nikikimbia, na fundi cherehani alikuwa anakuja mbio upande huu, tepu inapepea. Akanipokea boksi, akanipita kama upepo. Nikamfuata ninavyoweza. Sikugeuka nyuma kumtazama mzee.

Mfuko wa kwanza uliingia, wa pili ukaingia. Saa kumi na moja jioni yule mama alifungua macho, akaniuliza mtoto amenyonya. Nilimjibu kwa ukali kwamba amenyonya kuliko wote wodini, kisha nikatoka nje haraka, kwa sababu machozi yangu siyagawi mbele ya wagonjwa.

Gari walikuwa wamelisukuma mpaka kando ya ukuta. Mzee Boneti alikaa kwenye bampa, boneti imefungwa. Sikuwahi kumwona karibu na gari boneti imefungwa.

"Anaongea, mzee. Ameuliza mtoto."

Akatikisa kichwa kukubali. Akajifunika uso kwa lile shati lenye maji ya rejeta, akalia. Nikakaa pembeni yake. Bampa bado lilikuwa la moto.

Siku tatu baadaye katibu wa kituo akamtaka aandike maelezo: injini imenoki mikononi mwake, kwa nini aliendesha gari lisilo na maji, na kwa nini asisimamishwe kazi. Wengine wakamtetea kwamba ameokoa mtu. Katibu akasema hilo amelisikia, lakini fomu inauliza juu ya gari. Nikamvuta mzee pembeni, nikampa akili.

"Andika kwamba taa haikuwaka. Dashibodi yote imekufa sasa, nani atajua?"

"Nikiandika hivyo," alisema, "dereva atakayekuja atapewa gari lingine kuukuu. Naye ataomba plasta."

Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akaandika mistari mitatu tu, herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema. Akanipa nimsomee kama ameandika sawasawa. Alikuwa ameandika: Taa ya joto iliwaka. Sikuiona mapema kwa sababu niliifunika mwenyewe kwa plasta. Kilomita nne za mwisho niliendesha nikijua maji hakuna, na ningeendesha tena.

Nilisoma mara mbili. Nilitafuta jina langu, au cheo changu, au hata neno nesi. Halikuwamo. Miaka kumi na moja ya mdomo wangu, na mtu huyu alikuwa amenifunika mimi pia.

Nikamnyang'anya kalamu. Nikaandika chini yake mstari wa nne: Plasta niliikata mimi, vidole viwili, na kimoja kingetosha. Nikatia sahihi.

Akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Sista," alisema, "mwandiko huu katibu hataweza kuusoma."

"Basi nitakwenda kumsomea," nikasema, nikatangulia mimi kuingia ofisini.