Mfenesi Ulioangukia Jiko

Utomvu wa mfenesi una harufu yake, nzito na tamu kidogo, na ukichanganyika na matope ya masika na mafuta ya taa hutoa harufu ambayo sijaisahau mpaka leo. Niliivuta kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu, katika nyumba ya vyumba sita tuliyopanga Kariakoo, upande unaoelekea Gerezani. Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na unga wa njano, miaka ambayo kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake. Uani palikuwa na mfenesi mrefu kuliko nyumba yenyewe, na chini yake jiko la wapangaji wote, kibanda cha miti na udongo kilichoezekwa mabati. Mwaka mmoja kabla, mwenye nyumba alichimba shimo jipya la choo kando ya mti ule, akakata mizizi minene kama paja la mtu. Tulifurahi kupata choo.

Mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumzika, kisha mchana mmoja ukaja upepo. Mama alikuwa jikoni akipika, mimi nimekaa ukumbini na ungo wa mchele mapajani. Kwanza niliisikia ardhi ikilia, mlio mzito wa chini, kama lori linalomwaga kokoto. Halafu mti ukainama taratibu, taratibu kabisa, mizizi ikachomoka na udongo wake, na jiko likatoweka ndani ya majani.

Nilipiga ukelele nikakimbia. Sikufika. Mkono ulinidaka gauni kwa nyuma, ukanirudisha ukumbini. Alikuwa Mzee Ngonyani, mpangaji wa chumba cha mwisho, mtu wa Songea aliyepasua mbao msituni miaka mingi kabla ya kuja kufanya kazi karakana ya reli. "Tazama maji," aliniambia. Uani palikuwa pamejaa maji mpaka vifundoni, na waya wa umeme uliotoka kwenye nguzo ya barabarani ulikuwa umekatika, ncha yake imezama humo. Haukutoa hata cheche. Ulilala tu, kama kamba ya kuanikia nguo. Nilimng'ata mkono. Hakuniachia.

Ndipo sauti ya mama ikatoka kwenye majani. "Mwaju! Uko wapi?"

"Niko hapa, mama!"

"Usije. Mguu umebanwa, lakini nipo. Usije, mwanangu."

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Nilipomsikia mama akinikataza, nilishukuru moyoni. Niliyaogopa maji yale kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na papo hapo nikajichukia kwa kuyaogopa.

Balozi alikimbilia duka la kona lililokuwa na simu, awaite mafundi wa umeme. Tukasubiri. Sijui ni muda gani. Kila mama alipokaa kimya nilimwita, naye akaitika, sauti ikizidi kuwa ndogo. Mafundi walipofika wakakata umeme kwenye nguzo, wakauondoa waya, Mzee Ngonyani akaniachia. Majirani wakamiminika uani na mashoka.

"Msiuguse mti," Mzee Ngonyani aliwaambia. "Umejiegemeza kwenye matawi yake. Mkiyakata hovyo utabiringika, utamwangukia aliye chini."

Baba mdogo Athumani hakuweza kuvumilia. Baba alikuwa zamu bandarini, na yeye ndiye mwanamume wa ukoo aliyekuwapo. "Shemeji yangu anakufa, sisi tunahutubiwa!" Akapiga shoka kwenye tawi lililokunjwa chini ya shina kama upinde. Pigo la pili, tawi likafyatuka. Sikuliona likipita. Nilisikia mfupa tu, nikamwona baba mdogo ameketi kwenye matope, anautazama mkono wake uliokuwa umegeukia upande usio wake. Shina lilishuka kidogo, mabati yakalia, na mama, kwa mara ya kwanza, akapiga kelele.

Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Mzee Ngonyani aliagiza boriti tatu kwa seremala wa jirani, akazikita chini ya shina moja baada ya nyingine, akizikaza kwa kabari, akitega sikio kila mara. Kisha akawapeleka watu uani kwa jirani, nyuma ya jiko, wakaubomoa ukuta wa udongo polepole kwa jembe na mikono. Mti haukuguswa tena. Mama alitolewa kupitia tundu lile, utomvu umemgandisha nywele, mguu umevimba kama gogo. Aliponiona aliniuliza, "Umekula?" Hapo ndipo nilipolia.

Mguu wa mama ulipona. Mkono wa baba mdogo haukunyooka tena. Mfenesi wenyewe ulichukua siku nne kuondolewa, wakianzia matawi membamba, mtu mmoja na shoka, wengine wote wamesimama mbali.

Pale petu sasa pana ghorofa la maduka, na nikipita siwezi kusema uani palikuwa wapi. Mimi naishi Tabata. Masika iliyopita mjohoro wa jirani ulivunjikia uzio wetu, ukaburuta na waya wa umeme, na vijana wa mtaani wakafika mara moja na msumeno wa mashine. Nilifunga geti kwa ndani, nikawaambia tunasubiri watu wa umeme. Mwanangu mkubwa aliona haya.

"Mama, siku hizi kuna mashine. Unaogopa mno."

Ni kweli. Kazi iliyotuchukua siku nne, msumeno ule ungeimaliza kabla chai haijapoa, na simu tuliyoikimbilia dukani, leo kila kijana anayo mfukoni. Tulisubiri mpaka alasiri, vijana wakanuna, wengine wakaondoka zao wakinicheka. Nilikuwa natetemeka muda wote, mbele ya watoto na wajukuu zangu, na ufunguo wa geti sikumpa mtu.