Presha ya Fundi Baridi

Fundi makochi huyu alikuwa mpole hata mtaa mzima ukamwita Baridi. Mteja angemfokea kwamba kochi lake limechelewa, naye angebaki na misumari midogo midomoni, akiipigilia mmoja mmoja, mpaka mteja achoke mwenyewe. Kujibu ilikuwa kazi ya mkewe, aliyeuza vitambaa chumba cha mbele. Mama yule hakuwa na simile. Akianza kusema, wapita njia walipunguza mwendo wasije wakakosa mwisho wake.

Basi mke alipoanza kuumwa kichwa kila jioni, Baridi hakutafuta sababu mbali.

"Hiyo ni presha. Kwa hasira zako, itakosaje? Twende ukapimwe."

Kwenye zahanati, muuguzi, binti mwenye sauti ya chini, alimfunga mama mkanda mkononi. Ukavimba, ukanywea. Presha yake ilikuwa sawa kabisa. Muuguzi akasema kichwa huenda ni macho, akapime miwani. Kisha akamwona Baridi ameinama juu ya mashine, anachungulia.

"Na wewe baba, nikupime?"

"Nipime tu, nijue inavyobana."

Muuguzi alisoma namba. Akamwacha akae kidogo, akapima tena, mkono huu na ule.

"Baba, yako iko juu. Mia na sabini kwa mia na tano."

Mke alicheka, halafu akaacha.

"Mashine imetuchanganya," Baridi alisema. "Mwenye hasira ni huyu."

"Hasira huipandisha kwa muda, ikashuka. Yako iko juu na wewe umetulia hivyo."

"Mbona sisikii chochote?"

"Wengi hawasikii, baba. Huku mishipa, moyo na figo vinaumia taratibu."

Mtu mwingine angeogopa. Baridi alivuta kiti karibu. Akauliza namba mbili za nini. Akaambiwa ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa moyo unaposukuma, na ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Akauliza, kama damu imezidi, mbona isipunguzwe. Wagonjwa benchini wakacheka, muuguzi naye akatabasamu, akamwambia arudi apimwe siku nyingine, maana kipimo cha siku moja hakitoshi kumhukumu mtu.

Alirudi, na namba zikawa zile zile. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, akaambiwa apunguze chumvi na atembee.

Akanunua kipimo chake, na hapo nyumba haikukalika. Alijipima baada ya kahawa, baada ya kubeba kochi, akiwa anaongea, akiwa kimya. Siku moja mkewe akigombana na mteja, yeye alikuwa nyuma ya pazia, mkanda mkononi.

"Sasa hata ugomvi wangu unapimwa?" mke aliuliza.

"Haujanipandisha presha hata kidogo, mama. Nilikusingizia bure."

"Mimi natia chumvi kwenye maneno tu. Wewe unatia kwenye sahani kabla hujaonja."

Ilikuwa kweli, na tangu siku hiyo kopo la chumvi likahama mezani. Wiki za kwanza alikula kama anayetafuna sponji ya makochi yake. Baadaye akaanza kugundua kwamba nyanya ina ladha yake, na kitunguu chake.

Namba ziliposhuka, udadisi ukamponza. Aliacha vidonge aone kitakachotokea. Haukupita muda, namba zikapanda karibu na zilikotoka. Akaenda kumweleza muuguzi bila kuficha.

"Ilishuka kwa sababu ya dawa, baba. Hukuwa umepona. Swali hilo usiliulize tena kwa mwili wako, siku nyingine jibu litakuwa kiharusi."

Neno kiharusi lilimkaa kichwani. Baba yake alianguka uani akiwa bado na nguvu zake, upande mmoja ukafa, na watu wakasema ni chuki za majirani. Baridi akachukua kipimo chake, akaenda kwa dada yake mkubwa.

"Dada, baba aliwahi kulalamika chochote kabla?"

"Hata kichwa. Alikuwa mtulivu kama wewe."

"Na wewe umewahi kupimwa?"

"Nipimwe nini, na mimi naumwa nini?"

Hakubishana naye. Alimkalisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza, akamwomba asiongee kwanza. Dada hakunyamaza, ikabidi wangoje. Alipopimwa, ilikuwa mia na sitini na kitu. Dada akakivuta kipimo karibu, akaisoma namba mwenyewe.

"Huyo muuguzi wako," alisema, "anaanza kazi saa ngapi?"

Asubuhi iliyofuata waliongozana kwa miguu, dada akiuliza njia nzima, Baridi akijibu alichokijua, na asichokijua akikiweka cha kumuuliza muuguzi.