Kumchunga Papa Mukubwa Ndani ya Bato

Mama mukubwa alinipigia simu siku tatu mfululizo kabla ya safari, na neno lilikuwa lile lile: nisimwache mume wake aguse pombe. Siku ya nne akaja mwenyewe nyumbani kwangu Majengo, akakaa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni, hata chai akakataa.

"Mutoto wangu," akaniambia, "dokta alisema chupa moja ingine ni kaburi. Miye sitakuwa mule ndani ya bato. Weye njo macho yangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Uongo mtupu! Mimi mwenyewe nilikuwa nao tangu simu ya kwanza.

Papa mukubwa ni kaka wa marehemu baba yangu, na ndiye muzee pekee aliyebaki upande wetu. Mdogo wangu alikuwa amepata muke Bukavu, binti wa Kishi, kabila la kule, na siku ya kutoa mahari lazima awepo muzee wa kubeba maneno ya familia. Bila yeye, nani angesema? Sisi wanawake tunapika na kupiga vigelegele, maneno yanabebwa na wazee. Kama angekuwepo mwingine, hata kilema wa miguu, naapa ningempakia huyo na papa mukubwa angebaki Goma.

Shida ilikuwa bato, ile meli kubwa ya abiria inayoondoka Goma asubuhi, inakata Ziwa Kivu na kufika Bukavu alasiri. Papa mukubwa alifanya biashara ya maharagi kati ya miji hii miwili miaka na miaka, na ni mule ndani alimojifunzia kunywa. Alikuwa anapakia magunia, anakaa kantini, anafika ng'ambo ameshikwa mkono. Mwisho wake alitapika damu, akalala hospitali wiki nyingi, akatoka macho ya manjano na suruali inamvuka. Tangu pale hakugusa hata tone. Mwaka mmoja na miezi minane! Mama mukubwa alikuwa anaitaja hiyo miezi kama watu wanavyotaja umri wa mtoto mchanga.

Na tungepita wapi kwingine? Ndege hakuna, na barabara siku hizi nani anaiamini? Kila mutu anapita ziwani. Wengine wa familia walikuwa wametangulia na mbuzi, kwa hiyo tulipanda sisi wawili tu, yeye na kofia yake na mimi na roho yangu mkononi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya primere. Nimezoea kuchunga watoto hamsini kwa darasa moja, nikiandika ubaoni najua nani nyuma yangu anatafuna muwa. Nikadhani muzee mmoja atanishinda wapi? Aah, wapi!

Kwanza, aliyetengeneza ile bato, Mungu amsamehe. Kantini ameiweka katikati, huwezi kwenda chooni bila kuipita. Muziki juu, brosheti za nyama zinanukia, na watu wameanza kufungua bia kabla hata ya kamba kufunguliwa bandarini. Sasa tazama hili: kreti za bia walikuwa wamezipanga juu ya sanduku la majile ya kuokolea watu majini. Siku maji yakichafuka, tutaanza kushusha kreti kwanza? Damu ikanichemka. Nikamwendea yule mama wa kantini, nikamwonyesha papa mukubwa kwa kidevu.

"Mama, yule muzee wa kofia, akikuja hapa usimuuzie. Ni mugonjwa."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Mama, miye nauza bia. Siko polisi."

Nikarudi kukaa. Papa mukubwa alikuwa anatazama maji, vidole vinacheza juu ya goti. Vile vidole vilinitisha kuliko kitu kingine chochote. Nikampa ndizi, akala. Nikampa karanga, akala. Nikamwuliza kama ana kiu, halafu nikajiuma ulimi, maana ni swali gani hilo la kumwuliza mutu kama yeye?

"Unanilisha sana," akasema. "Unataka kuniuza sokoni?"

Nikacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu.

Karibu nasi palikuwa na muhubiri mmoja na begi lake kwapani, akaanza kusema kwamba pombe ingefaa kukatazwa kabisa ndani ya bato, kwamba hapa si nganda ya walevi, hapa ni mahali watu wamefunga roho zao pamoja. Nikasema amina kwa sauti. Mama mmoja wa vitunguu, chupa yake mkononi, akamgeukia.

"Papa muhubiri, weye unasafiri mara moja kwa mwaka. Miye napita haya maji kila wiki. Nimeona watu wanaingia humu hawakutoka. Bila hii chupa, miguu yangu haipandi."

Watu wakaguna, wengine wakampigia makofi. Mimi pia ningekuwa na la kujibu, lakini ukweli ni kwamba bato ilikuwa inayumba kidogo, nikaona yule mama amekamata kiti kwa nguvu, nikamwachia neno lake. Na nilipogeuka kumtazama papa mukubwa, kiti kilikuwa kitupu.

Yesu wangu! Sijui nilisimama vipi. Nikapita kantini, hayupo. Nikagonga mlango wa choo, akanijibu mutu mwingine kwa hasira. Nikapanda ngazi, nikashuka, jasho linanitiririka mgongoni, na kichwani namsikia mama mukubwa tu: weye njo macho yangu. Macho gani haya yanayopotea yakisikiliza mabishano ya watu?

Nikamkuta nyuma kabisa, pale injini inapiga kelele, amekaa na wanaume wanne, wachuuzi wenzake wa zamani. Chupa zimejaa miguuni pao, na yeye ana yake mkononi, ameizungushia kitambaa. Sikuuliza. Nilimpokonya mbele ya wote, nikapiga kelele kama navyompigia mutoto wa darasani.

"Papa mukubwa! Haya njo uliyomwahidi mama? Unataka tukuzike Bukavu?"

Nikapeleka chupa puani.

Ilikuwa sukre ya nanasi, soda ile ile wanayokunywa watoto siku ya komunyo.

Mmoja akaanza kucheka, halafu wote wakacheka, mpaka wanashikana mabega. Papa mukubwa hakucheka. Akanyosha mkono, akachukua chupa yake, akanichoma kwa macho.

"Umenusa vizuri?" akaniuliza. "Na hawa wengine, waje wanuse pia?"

Nilitaka ziwa linimeze. Mutu wa umri ule, aliyenilipia shule baba yangu alipofariki, nimemvua nguo mbele ya wenzake. Nikapiga goti kuomba msamaha na yeye akageuza uso kutazama kisiwa cha Idjwi. Mpaka tunashuka bandarini Bukavu hakunipa neno tena. Nililia chooni, nikanawa uso, nikajiapiza: leo, liwe liwalo, sitamwaibisha muzee huyu mara ya pili.

Na bado nilishukuru. Tumefika, hajanywa! Bato imekwisha, nikajiambia, hatari imekwisha.

Mbona sikufikiri? Mbona hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri?

Kwa wakwe tulipokewa vizuri. Papa mukubwa akasimama, kofia mkononi, akasema maneno mazuri ajabu, ya taratibu, na mzaha kidogo pale penye mbuzi. Nikaona mdogo wangu anapumua. Muzee wa upande wa binti akasimama pia, akaita kibuyu. Ikaletwa kasiksi, pombe yao ya ndizi, inatoa povu. Akamimina ndani ya kikombe cha mti, akaonja yeye kwanza mbele ya watu wote, kama desturi, kuonyesha hakuna sumu. Halafu akakijaza, akakinyosha kwa mikono miwili kwa papa mukubwa.

Kwetu huku Kivu kila mutu anajua maana yake. Mwenyeji ameonja, wewe ukikataa, umemwita mlozi. Umesema mbele ya watu wake kwamba nyumbani kwake wanatilia watu sumu. Hakuna mahari baada ya hapo, hakuna muke, mnachukua mbuzi zenu. Na kama ningesimama mimi, mwanamke, kusema mzee wetu hanywi, wangeuliza ni sababu gani. Ningejibu nini? Kwamba mbeba maneno wetu alioza ini kwa ulevi? Siku ile ile ya kuomba binti wa watu? Ningeweza kuwaambia mapema, kwa siri, wiki nzima kabla, kwa simu moja tu. Wiki nzima nilikuwa napigana na bato.

Papa mukubwa alikipokea kikombe. Hakukipeleka mdomoni. Macho yake yakanitafuta katikati ya wanawake, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu kule nyuma ya injini. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananiuliza. Mdogo wangu ameuma mdomo, na yule muzee mwenyeji uso wake umeanza kukaza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Kidogo tu, hata jirani yangu hakuona.

Akanywa. Koo lake likapanda, likashuka, likapanda, mpaka chini, maana kikombe cha kwanza hakibakizwi. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga pamoja nao, nani angeniacha nikae kimya? Alipokishusha kikombe, uso wake wote ulikuwa umelegea, mikunjo imefunguka, na vile vidole vilikuwa vimetulia kabisa. Kikombe cha pili kilipofika, hakunitazama tena.

Tulipata muke. Mpaka leo wanaishi vizuri, sina la kusema juu ya huyo binti.

Jioni ile, wakati bado wanaimba ndani, simu yangu ikaita. Mama mukubwa. Nikatoka uani, nikasimama kando ya masufuria, nikaiacha iite mpaka karibu ikatike.

"Mutoto wangu, niambie kweli," akasema, pumzi inamkatika. "Mule ndani ya bato, alikunywa?"

Kupitia dirishani nilikuwa namwona papa mukubwa, kofia imemwanguka, anamnyoshea mwenyeji kikombe chake.

"Hapana, mama," nikasema. "Mu bato hakugusa hata tone."

Nikamsikia analia kwa furaha, anamshukuru Mungu, halafu ananishukuru mimi.