Bi Nafuu na Safari ya Mumewe

Ofisini walimwita Bi Nafuu, na jina hilo alikuwa amelifanyia kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikaa meza ya pili kutoka dirishani, ghorofa ya tatu, katika ofisi ndogo ya kupangia watu safari, na hakuna aliyemfikia kwa kubana matumizi bila mteja kuhisi amebanwa.

"Boti ya saa nne achaneni nayo, hiyo ni ya wenye kujionyesha," alikuwa akiwaambia maharusi waliotaka kwenda kisiwani. "Pandeni ya alfajiri pamoja na wachuuzi. Na chumba cha kutazama bahari cha nini? Usiku bahari haionekani, mnalipia giza. Chukueni nyumba ya wageni mitaa miwili nyuma."

Walicheka, wakamsikiliza, wakarudi na picha. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga kisiwani. Alikijua kwa ramani, kwa simu na kwa picha za wengine.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache. Mwaka mmoja alianza kujigonga bega milangoni, akasingizia uchovu. Siku alipofunga geti la mteja bawaba zikiwa juu chini, binti yao alimshika mkono akampeleka hospitali. Daktari hakuzunguka: ni presha ya macho, imekaa muda mrefu, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki dawa itakichelewesha tu kupotea.

 Siku ya nne, wakiwa wanakula, fundi akaweka kijiko chini.

"Bibie, nipeleke kwenye kile kisiwa chako."

"Kisiwa changu tangu lini?"

"Si unakisifia kila siku? Nikione. Halafu unipitishe kwenye ule mji mkubwa wa ng'ambo, nione maghorofa yakiwaka taa. Basi, sitaki kingine."

Bi Nafuu alikubali palepale. Kisha mazoea ya kazi yakamvuta. "Ila si mwezi huu, baba. Shule zimefungwa, kila kitu kimepanda. Tusubiri mwezi na nusu tu, watu wapungue."

"Wewe ndiye unayejua," akasema fundi.

Mwezi na nusu ulipokwisha, aligundua kwamba wakivuta wiki tano zaidi watapata usiku mmoja wa bure katika hoteli ya mjini. Akasogeza tarehe. Binti yao akampigia simu. "Mama, baba anapapasa kikombe mezani."

"Naona, mwanangu. Tarehe nimeshapata, nzuri kweli."

Hakuwa bahili. Kumtafutia mtu bei nzuri ndiyo ilikuwa njia yake ya kumpenda, na nyingine hakufundishwa.

Siku waliyoondoka, fundi alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Botini alimshika mkewe kiwiko, akauliza mara mbili kama wamefika. Nyumba ya wageni ilikuwa safi, mitaa miwili nyuma, kama ilivyopangwa. Lakini kulikuwa na sababu ya wageni kutokuja miezi ile. Maji yalikuwa ya kahawia, mwani umelala ufukweni kama marundo ya nguo chafu, na vibanda karibu vyote vimefungwa.

Wakakaa mchangani.

"Haya, niambie," fundi akasema.

Bi Nafuu akafungua mdomo. "Mchanga mweupe. Maji safi, hayana mawimbi makubwa. Dakika tano kwa miguu hadi sokoni."

Fundi akacheka kidogo. "Unaniuzia?" Kisha akanusa upepo. "Mbona pananuka, bibie?"

 Bi Nafuu alilia kimyakimya, akijifuta kwa kiganja, akidhani mumewe hajui. Naye fundi akaushika mkono wake na kuukuta umelowa.

Mjini fundi hata hakutaka kutoka chumbani hotelini. "Panda juu ukaangalie taa, utakuja kunisimulia," akamwambia. Bi Nafuu hakupanda. Walikaa kitandani bega kwa bega, dirisha likiwa wazi, wakisikiliza honi za magari mpaka usingizi ukawachukua.

Nyumbani, fundi aliuza mashine yake ya kuchomelea kwa mwenzake wa karakana ya jirani, akaacha kutoka nje. Asubuhi Bi Nafuu anamwachia chai kwenye chupa na redio karibu na mkono. Jioni anarudi, mara nyingi chupa haijaguswa. Ofisini bado wateja wanaulizia meza yake, naye anawapangia vizuri vilevile.

Jumapili moja, akimkata mumewe kucha, alisema bila kuinua uso, "Nisamehe, baba. Nilikuchelewesha."

Alitarajia aambiwe si kitu. Fundi hakuwa mtu wa kudanganya. Alimwachia mkono hadi kidole cha mwisho.

"Nilitamani sana kuona," akasema, akamsogezea mkono wa pili.