Muhuri wa Ndege

Wifi yangu hushona vitabu, mimi nashona nguo. Tuna chumba kimoja, dirisha moja, na ugomvi mmoja usiokwisha kuhusu nani amechukua mkasi wa mwenzake. Tumeishi hivyo miaka kumi na minne. Yeye watu humwita Fundi Jalada. Mimi huniita yule mwenye mdomo, na sijawahi kukana.

Ukimpelekea kitabu kilichovunjika mgongo, atakivua jalada taratibu kama anayemvua viatu mtoto aliyelala. Atakishona upya kwa uzi uliopakwa nta, atakipaka gundi ya unga aliyoipika mwenyewe, kisha atakibana kati ya mbao mbili mpaka kesho yake. Akimaliza hugonga muhuri wake ndani ya jalada la nyuma. Ni muhuri wa chuma wa kubana kwa mkono, hauna wino, unaacha alama ya ndege mdogo aliyedidimia kwenye karatasi. Humwoni vizuri, ila ukipitisha kidole unamgusa. Mtaani kwetu ndege huyo yuko kila nyumba: kwenye vitabu vya sala, kwenye majalada ya vyeti, kwenye albamu za harusi, hata za ndoa zilizokwisha kuvunjika. Watu wakimgusa hawaulizi tena.

Tena ana mwiko wake. "Mimi nashona, sisomi," husema. Shajara za watu, wosia, barua za mapenzi zilizofungwa pamoja, vyote vimepita mikononi mwake na hajui hata neno moja. Watu walimpenda kwa hilo, nami nilimheshimu. Leo nauchukia mwiko ule kwa moyo wangu wote.

Bwana Glavu tulimpa jina hilo sisi wenyewe, kwa sababu alivaa glavu nyeupe za pamba kila alipogusa karatasi zake. Alikuja na mikunjo ya kurasa kubwa, nzito, zinazong'aa. Alisema anatengeneza kitabu cha picha cha kuwekwa mezani sebuleni, kile ambacho wageni hufunua tu wakisubiri chai. Kingekuwa na vitu vizuri vya kale vilivyomo majumbani mwa watu wa kawaida: viti vya kuchonga, saa za ukutani, vioo, masanduku. Kila mwezi angeleta picha mpya, na wifi angefumua na kuongeza.

Alikuwa na maombi mawili. La kwanza, ndege agongwe mwanzoni mwa kitabu, si mwishoni. La pili, agongwe pia kwenye bunda la karatasi alilolileta limefungwa utepe, eti ni za kuambatanisha na nakala. Wifi alizigonga moja baada ya nyingine pembeni, zimelala kifudifudi.

"Hebu geuza moja tuone," nilimwambia.

"Wewe na macho yako! Siku moja yatakuponza."

"Ya kwangu yataniponza kwa kuona. Ya kwako je?"

Alinitupia kipande cha nta. Tulicheka, na kazi ikaendelea.

Lakini mimi si mtu wa miiko. Wifi akitoka kwenda kununua uzi, nilikuwa nafunua kile kitabu. Kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Vitu vya watu tunaowajua vilipigwa picha mpaka ukatamani kuvilamba. Ila vyumba vilikuwa havina watu. Kiti kilikuwa na mto uliobonyea, kandambili chini yake, na mwenye kiti hayupo. Chini ya kila kitu paliandikwa nambari ndogo kwa penseli, na nambari nyingine zilikatwa kwa mstari mwekundu. Kila mwezi mistari myekundu iliongezeka. Nilimweleza wifi, akaniambia nirudi kwenye pindo zangu. Nikarudi. Hilo nalibeba mwenyewe.

Sasa nikuambie kuhusu mama mkwe. Anaishi peke yake mtaa wa pili, na kabati la vioo ambalo marehemu baba mkwe alilichonga kwa miezi minane kabla ya kumwoa. Milango yake ina majani ya kuchonga, na jani moja limepinda kwa sababu siku ile aliambiwa posa imekubaliwa na mkono ukateleza. Mama hulifuta kila asubuhi na kulisalimia. Nyumba ikishika moto, atalitoa kabati kwanza, sisi tutajijua. Jumapili iliyopita alituambia ana jambo zuri la kutuonyesha, kisha akaziba mdomo kwa kiganja na kucheka kama msichana. Tulidhani amenunua pazia.

Jumatano saa nne asubuhi aliingia mkunga mstaafu, aliyewapokea wanangu wote wawili. Nilikuwa namdarizia kitambaa cha meza.

"Usiendelee nacho, mwanangu," alisema. "Meza haipo."

"Imevunjika?"

"Imechukuliwa. Meza, kioo, na viti vyote sita. Walikuja na lori, wakanionyesha karatasi niliyoisaini. Mimi nilijua ni ruhusa ya kupigwa picha, kumbe nimevitoa vitu vyangu." Alimgeukia wifi, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Sikuwa na miwani siku ile. Lakini nilipapasa nikamkuta ndege wako, nikasema basi, huyu ni mtu wetu."

Wifi aliinuka. Alikwenda kwenye mbao, akalegeza skrubu, akakitoa kitabu cha Bwana Glavu kabla gundi haijakauka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona akifunua kurasa na kutazama. Kioo cha mkunga kilikuwa na mstari mwekundu. Saa ya mwalimu mstaafu, mstari mwekundu. Aliendelea mpaka mkunjo wa mwisho, alioushona asubuhi ileile.

Kabati lilijaza kurasa mbili. Jani lililopinda lilionekana wazi kabisa. Chini yake palikuwa na nambari, na bado haijakatwa.

Sikumbuki nani alitangulia mlangoni. Nakumbuka nilikimbia na futi shingoni, na wifi akiwa na gundi mikononi, na mtu mmoja njiani akatuuliza kama kuna msiba. Tulimkuta mama mlango wazi, amevaa gauni lake la harusi za wengine, amejipaka na poda. Kabati lilikuwa mahali pake. Nilishusha pumzi. Kisha nikaona vyombo vyote vimepangwa sakafuni, sahani juu ya sahani, na vikombe vimefunikwa kwa taulo.

"Mmeshaambiwa!" alisema, amenuna kidogo. "Nilitaka niwashtue mimi. Aliniomba nisiwaambie mpaka kitabu kiishe. Leo wanalipeleka kupigwa picha nyingine, huko kwenye taa kubwa."

"Mama, ulisaini kitu?" wifi aliuliza.

"Nilisaini, ndiyo." Alitoa karatasi kwenye pochi, imekunjwa vizuri mara nne.

Wifi aliisoma. Aliisoma kwa sauti, polepole, mtu ambaye hakuwahi kusoma kitu cha mteja. Mwenye nyumba anatoa kwa hiari yake vitu vilivyotajwa, kuanzia nambari moja hadi ya tisa, na hatavidai tena, wala watoto wake hawatavidai. Chini palikuwa na saini ya mama. Pembeni paliandikwa shahidi, na hapakuwa na jina, alikuwepo ndege tu.

"Mama, hukusoma kwanza?"

"Nisome nini, na alama yako ipo?" Mama alimshangaa. "Watu wote wa mtaa huu wanakuamini, nisikuamini mimi niliyekuzaa?"

Niligeukia mlangoni.

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma kuingia kwenye uchochoro, na mtu akigonga ubavu wake kwa kiganja kumwelekeza dereva. Mama alijitazama kwenye kioo cha kabati, akauweka sawa ukosi wake.

"Haya, mwanangu," alisema, "nenda kawafungulie wageni wako."

Wifi alibaki amesimama na karatasi mkononi, kidole gumba juu ya ndege.